Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuandaa Hafla ya Kuwatunuku Wafanyabiashara na Viongozi wa Jamii Katika Mji Mdogo wa Kanda ya Ziwa

Kila mwaka kiangazi kikianza napigiwa simu za namna moja. Ni katibu wa kamati, leo wa Sengerema, kesho wa Magu, Lamadi au Nansio, na sauti yake imechoka. "Tulifanya hafla ya kuwapongeza watu wetu, lakini watu wameondoka wananung'unika." Nikiuliza kulikoni, majibu yanafanana. Jina limekosewa kwenye cheti. Waliopewa tuzo ni walewale waliotoa mchango. Mgeni rasmi alichelewa mpaka wazee wakaondoka. Na mama anayeheshimika kuliko wote pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, hakuitwa kabisa.

Nimekaa kwenye kamati za aina hii kwa miaka mingi, na naona nyingi zinaanguka mahali pamoja: zinaanza na ukumbi, pilau na mgeni rasmi, halafu wiki ya mwisho ndipo zinahangaika kutafuta majina. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili. Kazi kubwa ni kujua kwa uhakika mtu alifanya nini, kisha kulisema jambo hilo kwa usahihi mbele ya watu walioliona. Mkilipata hilo, hata hafla ya chini ya mwembe yenye soda na karanga itazungumzwa mwaka mzima.

Nimeuandika kwa ajili ya mji wenye soko moja au mawili, stendi, zahanati au kituo cha afya, na mwalo. Kama mko Mwanza mjini, fanyeni kwa kata au kwa mtaa. Msijaribu kubeba jiji zima.

## Mahitaji

Andaeni hivi kabla ya kikao cha kwanza:

- Wiki kumi. Chini ya hapo mtakata kona kwenye uhakiki, na hapo ndipo fitina huingilia.
- Kaunta buku mbili: moja ya mapendekezo na ushahidi, nyingine ya fedha. Zisichanganywe.
- Kitabu cha risiti chenye namba zinazofuatana.
- Akaunti ya kikundi, ya benki au ya simu, ambayo hela haitoki bila idhini ya watu watatu.
- Masanduku manne ya kadibodi yenye kufuli, na fomu za ukurasa mmoja.
- Simu yenye kamera nzuri na kijana anayejua kuitumia.
- Karatasi nzito za vyeti, fremu zenye kioo, na muhuri wa ofisi itakayosimamia.
- Turubai, viti, spika mbili, maikrofoni mbili na jenereta yenye mafuta. Umeme usiutegemee peke yake.

Tuzo za kioo na vikombe vya rangi ya dhahabu havimo kwenye orodha hii, na sikuvisahau. Nitavirudia kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Undeni kamati isiyotaka tuzo

Watu saba wanatosha. Mmoja atoke sokoni, mmoja mwaloni (kiongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi, anafaa), mmoja kijiwe cha bodaboda, mmoja kwenye vikoba vya akina mama, mzee mmoja, kijana mmoja, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Idadi iwe witiri ili kura isigawanyike nusu kwa nusu.

Siku ya kwanza kila mjumbe asaini kwenye kaunta buku kwamba yeye, mwenzi wake, mzazi wake na mtoto wake hawatapendekezwa mwaka huu. Muandike pia sharti la pili, ambalo litawaumiza kidogo: anayechangia fedha za hafla hapewi tuzo mwaka huohuo. Najua hela ni ngumu, na mwenye duka kubwa akisema atalipia turubai lote ni vigumu kumpinga. Mshukuruni kwa jina lake kwenye bango na kwenye hotuba ya shukrani. Lakini jina la mfadhili likishasomwa kwenye orodha ya watunukiwa, wale wengine wote nao wataonekana wamenunua zao.

Mtajua mmefanikiwa pale mtu atakapokataa kuingia kwenye kamati kwa sababu anategemea kupendekezwa. Hiyo ni dalili njema kabisa.

## Hatua ya 2: Pangeni siku kwa kuangalia mwezi, mnada na ibada

Kamati nyingi hupanga tarehe kwa ratiba ya mgeni rasmi. Huku ziwani kuna kalenda nyingine inayotawala maisha ya watu, nayo ni mwezi angani.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Mkiweka hafla wakati wa giza, wavuvi watakuwa wameingia kulala saa mbili asubuhi na akina mama watakuwa chanjani wakigeuza dagaa juani. Wekeni siku zinazokaribiana na mwezi mpevu, nao mwalo utakuja wote.

Halafu angalieni mnada. Siku ya mnada wa ng'ombe, wafanyabiashara wako barabarani tangu alfajiri. Angalieni pia msimu wa pamba, maana viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika hawapatikani wakati wa ununuzi.

Ibada zinaondoa siku tatu. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumamosi ni ya Wasabato, na kando ya ziwa hili ni wengi. Nimeona kamati ikipanga Jumamosi na kujiuliza kwa nini nusu ya viti iko wazi. Jumapili asubuhi ni ya makanisa mengine. Kinachobaki ni Jumapili saa nane mchana, na kwa uzoefu wangu ndiyo saa bora. Epukeni Ramadhani na Kwaresima.

Juni hadi Septemba mvua ni chache, kwa hiyo turubai moja linatosha.

Tahadhari: mwaka wa uchaguzi ahirisheni. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 2024 na uchaguzi mkuu 2025, na kwa mzunguko wa miaka mitano itakuwa tena 2029 na 2030. Kwenye miezi ile kila tuzo husomwa kama kampeni, na mtunukiwa asiye na hatia hupakwa rangi ya chama.

## Hatua ya 3: Kipengele kibebe jina la tendo

Futeni kabisa "Mfanyabiashara Bora wa Mwaka." Ubora huo utapimwa kwa nini? Watu watapima kwa gari na ghorofa, na tuzo itakwenda kwa mwenye nazo.

Vipengele viseme kitu kilichofanyika. Hivi vimefaa mahali nilipovitumia:

- Aliyewafundisha vijana kazi mpaka wakajitegemea
- Aliyewainua wenzake kwa mali kauli (mzigo wa kukopeshwa, unaolipwa ukishauzwa)
- Aliyefungua mlango usiku (mwenye duka la dawa, mkunga, dereva)
- Aliyesimamia mali ya wengi bila doa (mweka hazina wa kikoba, wa soko, wa kamati ya maji)
- Aliyelinda ziwa
- Aliyepatanisha
- Kikundi kilichookoa

Saba ndiyo mwisho. Hesabu ni rahisi: kila tuzo, ikisomwa na kukabidhiwa kwa heshima, inachukua dakika nane. Saba zinakula karibu saa nzima. Kumi na tano zinakula saa mbili, na yule wa mwisho atapokea cheti chake watu wakigombania foleni ya chakula.

Kipengele cha kikundi msikiache. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi walikimbilia pale na mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Mambo makubwa ya ziwani hufanywa na mikono mingi. Mkimwita mmoja mbele na kuwaacha wengine wamesimama nyuma ya turubai, mmetengeneza ugomvi utakaodumu kuliko cheti. Kwa kikundi, someni majina yote hata yakiwa ishirini, na kila mmoja apate karatasi yake.

## Hatua ya 4: Kusanyeni mapendekezo kwa mdomo pia

Fomu iwe na maswali matatu tu. Nani? Alifanya nini, lini, wapi? Nani mwingine aliona? Mapendekezo yasiyojibu swali la tatu wekeni pembeni mpaka shahidi apatikane.

Masanduku yakae sokoni, mwaloni, stendi na zahanati kwa wiki mbili. Tangazeni kanisani, msikitini, kwenye mkutano wa mtaa na kwa gari la matangazo siku ya gulio.

Lakini sanduku pekee linawapendelea wanaoandika. Wazee wengi na akina mama wa mwaloni hawatajaza fomu, na wao ndio wanaojua nani alimfaa nani wakati wa shida. Watumeni vijana wawili wenye kaunta buku wakae kijiweni, kwa mama lishe na kwenye foleni ya kisima. Waandike maneno kama yalivyosemwa, kwa lugha yaliyosemwa. Kisukuma, Kikerewe, Kijita, vyovyote. Tafsiri itafanyika baadaye. Neno la mtu likishanyooshwa na karani hupoteza chumvi, nanyi mtaihitaji chumvi hiyo kwenye hatua ya 6.

Kama jina moja limekuja kwenye fomu thelathini zenye mwandiko mmoja, mnajua la kufanya.

## Hatua ya 5: Nendeni mkaone

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Msiiruke hata mkibanwa.

Kwa kila aliyefika hatua ya mwisho, wajumbe wawili waende mahali pake pa kazi, saa zake za kazi, na angalau mmoja awe mwanamke. Wasiende kumhoji kama polisi. Waende kumwamkia, wakae, waangalie.

Nitasimulia safari moja ili mwone ninachomaanisha. Tulikuwa na jina la mama wa dagaa ambalo lilikuwa limekuja mara nyingi, na fomu zote ziliandika jambo moja: "ni mama mwema." Wema wa aina gani? Hakuna aliyeandika. Tukaenda mwaloni asubuhi, mimi na mwenzangu wa kikoba.

"Mwangaluka, mayu." Ndiyo salamu ya asubuhi kwa Kisukuma: habari za asubuhi, mama.

Akaitikia huku mikono yake ikiendelea kutandaza dagaa juu ya chanja. Tukasubiri. Baadaye mwenzangu akaona daftari lililochakaa limechomekwa chini ya ndoo ya sado, ile ndogo ya kupimia, akaomba kwa adabu kuliona. Kurasa zilikuwa zimejaa majina ya wanawake, idadi ya sado na tarehe. Alikuwa akiwapa mzigo kwa mali kauli wanawake wanaoanza, bila riba na bila rehani. Majina mengine yalikuwa yamekatwa kwa mstari, na pembeni ameandika neno moja: *chanja*. Tukamuuliza maana yake. "Huyo ana chanja yake sasa," akasema. "Hachukui tena kwangu."

Tulihesabu mistari hiyo. Ilikuwa kumi na moja. Fomu zote zile hazikutuambia hilo.

Mkiwa huko, thibitisheni mambo manne:

Tendo lilitokea. Pateni mashahidi wawili wasio ndugu zake. Mmoja awe mtu aliyenufaika.

Halikumuumiza mwingine. Mwenye mitumbwi anaweza kuwa mkarimu sana mjini huku anatumia zana haramu za uvuvi kama kokoro au nyavu za makila, au ananunua sangara wasiofika sentimeta 50. Ulizeni BMU na Afisa Uvuvi kimyakimya kabla jina halijatoka nje ya kamati. Kwa mwajiri, ulizeni vijana wake kama mishahara inatoka. Wasaidizi wa dukani watasema ukweli mkiwakuta nje ya duka.

Hana kesi inayohusiana na jambo lenyewe. Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa wanajua.

Anakubali. Wapo watu wanaofanya wema kwa sharti la kutotajwa. Mheshimuni. Anayekubali asaini karatasi inayosema maelezo yake na picha yake vitatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa hiyo, na hata isingekuwepo, ni adabu.

Tahadhari kubwa: msiandike wala kusoma hadharani mtaji, mauzo au idadi ya mitumbwi ya mtu. Kamati huona fahari kusema "alianza na elfu hamsini, leo ana milioni kadhaa." Mnayemsema anakaa pale mbele akihesabu macho: ya mkopaji, ya mwizi, ya jirani mwenye wivu. Siku mbili baadaye anavunjiwa. Semeni alichowafanyia watu, alicho nacho kiacheni nyumbani kwake.

Hatua hii imefaulu mkirudi na jambo ambalo halikuwa kwenye fomu. Mkirudi na maneno yaleyale, rudini tena.

## Hatua ya 6: Andikeni maelezo ya tuzo, sentensi tano

Maelezo haya ndiyo tuzo yenyewe. Cheti ni karatasi ya kuyabebea.

Mfano wa maelezo mabovu, ambao nimeusikia kwenye kila uwanja: "Ni mfanyabiashara mashuhuri, mchapakazi, mpenda maendeleo na mfano wa kuigwa katika jamii yetu." Huyo ni nani? Anaweza kuwa mtu yeyote kuanzia Musoma mpaka Bukoba. Aliyepewa hajisikii ametajwa, na waliokaa kwenye viti hawana cha kushangilia.

Sasa yule mama wa mwaloni:

> "Kwa miaka mingi amewapa dagaa kwa mali kauli wanawake wanaoanza biashara hapa mwaloni. Hachukui riba wala rehani. Wanawake kumi na mmoja walioanza na mzigo wake leo wana chanja zao wenyewe. Dagaa walipoadimika, alisubiri madeni yake miezi minne bila kumfuata mtu nyumbani. Mji huu unasema wabeja sana, mama yetu."

(*Wabeja sana* ni asante sana kwa Kisukuma.) Angalieni yaliyomo: tendo, mahali, namna alivyolifanya, walionufaika, na wakati mgumu uliompima. Hakuna sifa hata moja. Sifa watazitoa wasikilizaji wenyewe.

Mkishaandika, fanyeni mambo mawili. Kwanza, msomeeni mtunukiwa nyumbani kwake kabla ya siku. Atasahihisha. Yule mama alitusahihisha: tulikuwa tumeandika miezi sita, akasema ilikuwa minne, na akakataa katakata ibaki sita. Pili, mtafuteni atakayesoma siku ya hafla, naye awe mtu aliyenufaika. MC asisome. MC ana sauti nzuri lakini hakuwepo.

Na jina liwe la mwisho kabisa. Msomaji aanze na tendo, sentensi kwa sentensi, bila kumtaja mtu. Kufikia sentensi ya tatu uwanja utaanza kunong'ona. Kufikia ya nne akina mama watakuwa wanaliita jina lenyewe, na vigelegele vitapanda kabla msomaji hajamaliza. Mkiliona hilo likitokea, mmemchagua mtu sahihi. Kama mmesoma mpaka mwisho na uwanja kimya, andikeni kwenye kaunta buku, mwaka ujao mjue pa kurekebisha.

## Hatua ya 7: Barua, polisi na mgeni rasmi

Barua ya kwanza iende kwa mtendaji wa kata. Ya pili kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Sheria inataka taarifa ya maandishi ya mkusanyiko wa hadhara isiyopungua saa 48 kabla. Ninyi pelekeni wiki mbili kabla, mbakize nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muulizeni mtendaji kama muziki unahitaji kibali cha halmashauri. Kama mnatumia uwanja wa shule, mwalimu mkuu apate barua yake pia.

Mgeni rasmi ni sehemu inayovunja hafla nyingi. Nakumbuka mji mmoja wa mwambao. Ratiba iliandika saa nane, mgeni akafika saa kumi na moja kasoro. Kati ya watunukiwa alikuwepo babu aliyesimamia kisima cha mtaa tangu ujana wake. Alikaa juani, akavumilia, akasema magoti yanauma, mjukuu wake akampakia kwenye baiskeli wakaondoka. Tuzo yake ilisomwa kiti kikiwa kitupu. Mpaka leo naliona lile shuka jeupe alilolivaa kwa ajili ya siku ile.

Tangu hapo barua ya mwaliko huwa na sentensi hii: "Ratiba itaanza saa 8:00 mchana kamili. Endapo utapata dharura, wazee wa mji wataanza kukabidhi tuzo, nawe utaungana nasi utakapofika." Iandikwe kwa heshima, na itekelezwe. Viongozi wengi huielewa. Wengine hufika mapema kwa sababu yake.

Angalieni safari ya mgeni. Anayetoka Mwanza kwenda Sengerema sasa anapita Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, hana tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Anayekwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, bado anategemea meli au kivuko cha Rugezi–Kisorya. Huyo aje siku moja kabla.

Hotuba yake iwe dakika kumi, baada ya tuzo zote. Akihutubia kabla, tuzo zitasomwa kwa kukimbia.

## Hatua ya 8: Vyeti na zawadi

Majina ndiyo hatari. Kompyuta za stationery nyingi huila ile alama ya *ng'*. Ng'wandu anatoka Ngwandu, Ng'wigulu anatoka Ngwigulu, na kwa Msukuma huyo ni mtu mwingine. Pateni jina kwenye kitambulisho cha taifa, liandikeni kwa herufi kubwa, halafu mtu mmoja alisome herufi moja moja huku mwingine akiangalia karatasi ya majaribio. Msikubali kuchapa vyeti vyote kabla mtunukiwa mwenyewe hajaona jina lake.

Tena, akina mama wengi mjini hujulikana kwa jina la mtoto wa kwanza. Cheti kiwe na jina la kitambulisho, na chini yake jina analoitwa na watu. Bila hilo la pili wajukuu watauliza huyu ni nani.

Maelezo ya sentensi tano yachapwe kwenye cheti chenyewe, saini mbili na muhuri chini yake. Kiwekeni kwenye fremu. Karatasi tupu kwenye nyumba iliyo karibu na maji hukunjamana baada ya masika moja.

Zawadi iwe kitu cha kazi yake. Mpeni mama wa dagaa wavu mpya wa chanja au mizani. Mvuvi apewe jaketi okozi, dereva wa bodaboda kofia ngumu mbili nzuri, yake na ya abiria. Mzee mpatanishi apewe kigoda kilichochongwa vizuri na fimbo. Vikombe vya plastiki vyenye rangi ya dhahabu hubanduka kabla ya Krismasi, na hela yake ingenunua kitu.

## Hatua ya 9: Fedha

Bei tatu kwa kila kitu kikubwa, risiti kwa kila mchango, na kadi za mchango ziwe na namba. Msiwaombe watunukiwa wachangie hata mia. Ndani ya siku saba baada ya hafla, bandikeni mapato na matumizi kwenye mbao za matangazo, sokoni na ofisi ya kata, hata kama yamebaki elfu tatu.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Ratiba ninayoitumia:

- 7:00 Watunukiwa wanafuatwa majumbani. Msiwaache waje kwa nauli yao.
- 7:30 Ngoma inaita watu. Bugobogobo ikianza na majembe yakirushwa juu, mji mzima utasogea wenyewe.
- 8:00 Dua ya shehe na sala ya mchungaji, fupi.
- 8:10 Mwenyekiti anaeleza jinsi watunukiwa walivyopatikana. Dakika tano. Hapa ndipo minong'ono mingi huzimwa.
- 8:15 Tuzo, moja baada ya nyingine.
- 9:15 Kutunza: watu wanawapelekea watunukiwa zawadi huku wakicheza.
- 9:30 Hotuba ya mgeni rasmi.
- 9:40 Shukrani, picha, chakula.

Watunukiwa wakae mbele, kivulini, pamoja na mtu mmoja wa familia. Mgeni rasmi akae pembeni yao, asikae mbele yao. Mzee au mgonjwa asiitwe jukwaani. Mwenye cheti ndiye amfuate alipo.

Muda wa kutunza msiubane sana. Wenzake watakuja wakicheza na vitenge, ndoo, noti za elfu mbili mbili, na nusu ya hotuba nzuri mtakazozisikia siku hiyo zitasemwa pale, sikioni mwa mtunukiwa. Mwekeeni mtu wa kushika vitu na daftari la kuandika nani katoa nini, maana kwetu kutunzwa ni deni la heshima atakalotaka kulilipa.

MC apewe onyo mapema: hakuna utani juu ya umri, ndoa wala kabila la mtunukiwa. Utani wa watani tunaujua na tunaupenda, ila siku hiyo mtu amekuja na wajukuu zake.

Chakula: wakaribisheni watunukiwa kwanza, kisha wazee, kisha wengine. Nunueni kwa mama lishe wa mji huohuo.

## Hatua ya 11: Siku saba baada ya hafla

Maelezo yote ya tuzo yanakiliwe kwa mkono kwenye kitabu kimoja chenye jalada gumu, kikae ofisi ya kata, na nakala iende shule ya msingi. Walimu wakikitumia darasani, watoto watasoma habari za watu wanaowasalimia njiani.

Picha zichapwe zipelekwe majumbani. Kumtumia mtu kwenye simu hakutoshi, simu hupotea.

Na kama kuna mtunukiwa hakufika kwa ugonjwa au uzee, msimwachie mtendaji cheti chake. Nendeni nyumbani kwake siku ya tatu, mkiwa na yule shahidi aliyepangwa kusoma. Waiteni majirani, tandikeni mkeka, msomeeni sentensi zile tano kama mlivyozisoma uwanjani, jina mwishoni.